Mkono Kwenye Kigari cha Asta

Kwa aliyelikosa gazeti la Ijumaa iliyopita, nafupisha, aliyelisoma anivumilie.

Mimi ni Maren. Nilikuwa msusi katika jiji la Aarhus, nina wateja wangu, nina marafiki zangu, nina kelele zangu. Nikaolewa na Troels, fundi wa mitambo ya upepo inayofua umeme, minara iliyosimikwa baharini, nikamfuata hadi kijiji alikozaliwa, pwani ya magharibi, mahali ambapo upepo ukinyamaza watu hutoka nje kuuliza kuna nini. Oktoba nikamzaa binti yetu, Asta.

Tangu hapo ndoa yetu ikaanza kuzimika. Hatukugombana, heri tungegombana. Troels alikuwa akirudi kutoka baharini anakaa mezani, anakula viazi vyake, anasema "asante kwa chakula," kisha anautazama ukuta. Mimi nikawa nalala chumba kimoja na mtoto, yeye kingine. Baada ya mwaka mpya akaniambia zamu zimeongezwa, atakaa baharini muda mrefu zaidi. Akavaa koti lake la kazi la rangi ya chungwa, akatoka na mfuko wake begani. Hakugeuka nyuma.

Kisha yakaanza mambo ya kigari.

Asta hulala mchana nje, ndani ya kigari chake, nyuma ya nyumba, kama nilivyolazwa mimi na kama alivyolazwa mama yangu. Baridi humpa mtoto usingizi mzito. Siku moja nilikikuta kigari kimegeuzwa. Siku nyingine blanketi limekunjwa, nami sikunji hivyo. Na juma lililopita niliwaacha pale nilipofunua kifuniko nikamkuta mwanangu amevaa kofia nyekundu ya sufu.

Sikumvisha mimi. Sijawahi kuwa na kofia hiyo.

Niliivua kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa mdudu. Asta akaamka, akalia. Nikampakata, nikazunguka nyumba nzima nikifunga milango. Kijijini kwetu hakuna afungaye mlango kwa ufunguo mchana. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa umeshika kutu, ukanikata kidole.

Nikampigia Troels.

"Kuna mtu anamgusa mtoto."

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningekupigia wewe? Ningewapigia polisi."

"Maren. Umelala leo?"

"Usinianze na habari za usingizi. Amevalishwa kofia, Troels. Nyekundu. Mtu ameingia nyuma ya nyumba yetu akamwinamia mtoto akamvisha kofia."

"Labda uliinunua ukasahau."

"Nimesahau kununua?"

"Juzi si uliweka funguo za gari kwenye friji? Uliniambia mwenyewe."

Kweli, nilimwambia. Nilimwambia nikitaka acheke. Sasa yule mzaha ukanirudia kama jiwe.

Huenda ni kweli, niliwaza. Huenda niliingia dukani, nikachagua sufu nyekundu, nikatoka, na kichwa changu hakikubaki na chochote. Maana siku zangu zilikuwa zimefanana kiasi hicho. Siku nyingine sauti pekee ya mtu mzima niliyoisikia ilikuwa ya msichana wa dukani akiniuliza kama nataka risiti. Nilikuwa naitaka. Nilikuwa naitaka ili aendelee kusema.

"Maren? Upo?"

Hapo kengele ya kanisa ikaanza kugonga. Siku hiyo walikuwa wanamzika mzee mmoja wa kijijini, na kengele ya maziko kwetu hugonga polepole, pigo moja, kisha mtu anapata nafasi ya kufikiri, kisha pigo jingine.

Niliisikia kwa sikio la kulia, kutoka dirishani.

Nikaisikia na kwa sikio la kushoto, kutoka kwenye simu.

Nikaibana simu sikioni.

"Troels, uko wapi?"

"Niko kazini. Ninajiandaa kupanda."

"Baharini?"

"Baharini, ndiyo."

"Huko baharini mmejenga kanisa?"

Simu ikakatika.

Nitawaambia jambo la ajabu. Sikulia. Nilifurahi. Nilisimama jikoni na mtoto begani nikacheka peke yangu, maana sasa lilikuwa ni jambo ninalolifahamu. Mume wangu ana mwanamke mwingine, yuko naye hapa hapa kijijini, na huyo mwanamke, kwa kukosa haya, anakuja kumvisha mwanangu kofia. Mwanamke ana jina, ana nywele za kuvutwa. Wazimu hauna nywele. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nina wazimu.

Nikamfunga Asta vizuri, nikamweka kwenye kigari, nikashika njia ya kwenda kwa mama mkwe.

Birthe ni mjane. Nyumba yake iko ng'ambo ya shamba, mkabala na yetu, na kati yetu hakuna ila udongo mweusi uliolimwa na ua wa miti ya miiba. Siku niliyoolewa nilimwita mama. Akanikatiza: "Mama yako yupo, mzima. Mimi niite Birthe." Hakuwa mkali aliposema hivyo. Alikuwa anapanga tu mambo yakae mahali pake.

Nilibisha hodi. Akachelewa kufungua. Alipofungua, akafungua nusu.

"Maren! Leo? Kwa upepo huu?"

"Troels yuko kijijini," nikasema. "Nimeisikia kengele kwenye simu yake."

"Kengele gani?"

"Ya maziko, Birthe. Bado inagonga. Sikiliza."

Tukaisikiliza sote wawili. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulikaza kwenye kitasa.

"Siku hizi redio hutangaza ibada," akasema. "Wanasikiliza hata melini."

"Naomba kuingia."

"Nyumba haijafagiliwa."

Hapo nikajua. Kwetu hata adui akija hukaribishwa kahawa. Katika miaka yangu yote pale sijawahi kufika mlangoni kwa Birthe nikakosa kahawa. Hata siku tuliyonuniana alinimiminia kimya kimya. Na sasa amesimama mlangoni ananiambia habari za ufagio.

Kisha, juu ghorofani, mtu akakohoa.

Mke hukijua kikohozi cha mumewe. Hata akiwa gizani, hata wakiwa mia, hukijua.

Nikakisukuma kigari ndani, Birthe akalazimika kurudi nyuma magurudumu yasimkanyage. Nikasimama chini ya ngazi.

"Troels! Teremka."

Nikakanyaga ngazi ya kwanza.

"Teremka, la sivyo napanda na mtoto mkononi."

Ngazi zikalia, moja moja.

Nilikuwa nimejiandaa kuona mashavu yaliyonona na shati lililopigwa pasi na mwanamke mwingine. Niliyemwona sikumtarajia. Alikuwa amevaa sweta yake ya ujana, imembana mabega. Ndevu zimemjaa hadi shingoni. Soksi mguu mmoja, mguu wa pili mtupu. Alikuwa amekonda kama mtu aliyetoka hospitali.

Lakini hasira haina macho.

"Kumbe meli yenu siku hizi inatia nanga kwa mama?"

Hakucheka. Zamani angecheka hata tukiwa tunagombana.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Mwambie ateremke naye, nimtengeneze nywele. Bure kabisa."

Birthe akapiga meza kwa kiganja. "Hakuna mwanamke! Kungekuwa na mwanamke, mimi ningekuwa nalala usingizi."

Akamgeukia mwanawe. "Mwambie. Au nimwambie mimi."

Troels akaketi. Akaiweka mikono yake mezani, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Sijaenda baharini tangu mwaka mpya," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilipanda mnara. Nikafika katikati ya ngazi, mikono ikakataa. Ikashika chuma, haikuachia. Si kwamba niliogopa kuanguka, Maren. Nilikuwa… Wenzangu walinibandua vidole kimoja kimoja, kama wanambandua chaza mwambani. Msimamizi akaniambia nirudi nchi kavu, nikamwone daktari."

"Ulimwona?"

"Nilifika mlangoni."

"Ukaingia?"

Akatikisa kichwa.

"Na mimi je?" Sauti yangu ilipanda yenyewe. "Mimi niko ng'ambo ya shamba, Troels! Taa ya jikoni kwangu unaiona kutoka dirisha la chumba chako cha utotoni."

"Naiona," akasema. "Kila siku naitazama."

Heri angenipiga kofi. Majuma yote yale nilikuwa nimekaa chini ya taa ile nikizungumza na redio, nikidhani mume wangu yuko katikati ya mawimbi, kumbe yuko pale, amekaa kwenye kitanda chake cha utoto, ananitazama nikiwa peke yangu.

"Kwa nini hukuja?"

"Ningekuambia nini? Una mtoto mmoja wa kulia, nimekuletea wa pili?"

"Ungekuja tu! Ungekaa! Ungekohoa huko chumbani nikajua kuna mtu!"

Asta akaanza kunung'unika kigarini. Troels akamtazama, kisha akaangalia pembeni haraka.

"Kigari nilikigeuza mimi," akasema. "Upepo ulikuwa unamwingia usoni. Nakuja akiwa amelala. Akiwa macho siwezi kumshika, mikono inatetemeka, naona kama nitamdondosha. Kila nikimshika naona anaanguka. Namwona kabisa, Maren, kwenye sakafu. Kwa hiyo nakuja akilala."

"Na blanketi?"

"Mimi."

"Na kofia?"

"Kofia ni yangu," Birthe akadakia. "Masikio ya mtoto yalikuwa wazi. Nimefuma mwenyewe."

Nikawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mlinifanya nijione nina wazimu. Nimekupigia simu leo, Troels, ukaniambia nimenunua nikasahau. Ulijua! Mama yako alikuwa amekaa wapi wakati unaniambia hivyo? Hapo mezani?"

Birthe ndiye aliyejibu.

"Nilikuwa hapa, ndiyo. Nami nilinyamaza. Na sasa keti, Maren, maana umesema vya kutosha, nami nina langu."

Sikuketi.

"Nilikuja kwako juzi," akasema. "Nilipita uani. Mtoto alikuwa analia ndani. Si kulia kwa njaa. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikachungulia dirishani. Wewe ulikuwa umekaa mezani, kahawa yako mbele yako, yeye kwenye kitanda chake hapo pembeni, unaweza kumfikia kwa mkono. Ulikuwa unautazama ukuta."

"Hiyo si kweli."

"Niligonga kioo."

"Hukugonga."

"Niligonga, Maren. Niligonga kwa pete mpaka nikaogopa kitavunjika. Hukugeuza hata shingo."

Nilitaka kumwita mwongo. Nilifungua kinywa. Lakini nilikumbuka kahawa. Niliikumbuka kahawa ya baridi yenye utando juu, nami nikijiuliza imepoa saa ngapi. Sikukumbuka kilio. Sikukumbuka kioo kugongwa. Mahali pale kichwani palikuwa patupu, pamefagiliwa.



"Kwa hiyo," Birthe akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini, "mwanangu yuko juu hali chakula, na mkewe yuko kule hasikii mtoto. Ningefanya nini? Nimempigia simu Lisbet. Anakuja leo. Nimemwambia mtoto akae kwangu hadi majira ya kuchipua. Kitanda kiko juu, nimeshatandika."

Lisbet ni muuguzi wa watoto wachanga, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwapima uzito. Neno lake likisemwa, wakubwa hulisikia.

"Mtoto wangu?" nikasema. "Mmemtandikia kitanda mtoto wangu?"

Nikamgeukia Troels. "Ulijua?"

"Mama alisema ni kwa muda."

"Ulijua!"

"Maren, hebu…"

"Ulikaa juu ukasikia kitanda kinasogezwa, ukajua ni cha nani!"

Nikashika kigari. Nikakigeuza kuelekea mlangoni. Troels akainuka, akasimama kwenye njia yangu, sijui kwa kunizuia au kwa kutojua aende wapi.

"Nipishe."

Akapisha. Nilipompita akasema, polepole, kama mtu anayetoa jibu la hesabu, "Mngekuwa salama zaidi bila mimi."

Nikadhani ni visingizio vyake. Nilikuwa nimejaa moto hadi kwenye nywele.

"Basi tuache!" nikamwambia. "Tuache tuwe salama!"

Ndivyo nilivyosema. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Nikafungua mlango. Gari la Lisbet lilikuwa linaingia uani.

Lisbet ni mwanamke mrefu, ana sauti ya taratibu na mabuti ya mvua. Aliyavua mlangoni, akaingia na soksi, akatutazama sote tulivyosimama, akajua hali ya hewa ya humo ndani bila kuuliza.

"Birthe," akasema, "chemsha kahawa. Maren, njoo ukae nami. Mlete huyo kipanya."

Kipanya ndivyo tunavyowaita watoto wadogo. Sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kinywa cha mtu yeyote kwa muda mrefu, na ndilo lililonivunja. Nilivua viatu, nikakaa, nikalia mpaka Asta akanyamaza kunishangaa.

Troels akasema anakwenda kuleta kuni. Nakumbuka alisema hivyo. Nakumbuka hewa ya baridi ikiingia mlango ulipofunguka. Sikuinua kichwa.

Lisbet akampima Asta, akamgeuza, akamtazama ngozi na macho. "Anakua vizuri," akasema. "Umemlisha vizuri." Kisha akamlaza mapajani mwake, akaniangalia.

"Sasa nieleze wewe. Si wanayoyasema wao."

"Wanasema simsikii akilia."

"Nimekuuliza wewe."

Birthe alikuwa ametupa mgongo, yuko kwenye jiko, lakini masikio yake yalikuwa mezani. Nikaamua asikie.

"Saa nyingine namsikia," nikasema, "ila mwili haunitii. Najiambia inuka, Maren, inuka. Mkono hauinuki. Na saa nyingine nadhani sisikii kabisa. Birthe anasema aligonga kioo. Mimi sikumbuki. Sikumbuki, Lisbet, na ndilo linaloniogopesha kuliko kitanda alichotandika."

"Umewahi kufikiria kumdhuru?"

"Hapana."

"Kujidhuru?"

"Nimefikiria kulala. Kulala nisiamke mpaka awe mkubwa."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kunilaumu. "Unakwenda kile kikundi cha akina mama nilichokuweka?"

"Niliacha. Mmoja alisema wa kwake analala tangu jioni hadi asubuhi. Nikaona nitamtupia sahani."

Lisbet akacheka. Nami nikacheka, pua imejaa machozi. Hata Birthe mabega yake yalitikisika.

"Sikiliza," Lisbet akasema. "Huu ni ugonjwa. Una jina, una dawa, una watu wanaoujua. Hospitali ya mjini ina wodi ambayo mama hulala na mtoto wake, pamoja, chumba kimoja. Nikipiga simu sasa huenda mkapata nafasi kesho. Hakuna atakayekutenga na Asta."

"Na Birthe?"

"Birthe ni bibi yake. Atakuja kumtembelea na kofia zake."

Birthe akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliogopa," akasema. "Maren, niliogopa tu. Nilikuwa na watu wawili wa kuwaangalia na macho mawili tu."

Nilitaka kumchukia bado, lakini nilikuwa nimechoka mno. Nikamwambia, "Najua."

Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilihisi kifua kimefunguka. Niliiona wodi ile, shuka nyeupe, mtu akipita koridoni. Nikadhani misiba yangu imefika ukingoni. Mjue basi nilivyo mjinga.

Maana Lisbet alikuwa bado anazungumza.

"Watu hawajui kwamba huwapata na akina baba," alikuwa akisema huku akitafuta simu yake mkobani. "Mtoto anazaliwa, kila mtu anamtazama mama, baba anazama taratibu pembeni. Wao hawalii. Wanakuwa kimya, wanakaa mbali, wanaona mtoto anaanguka, wanajiambia familia itakuwa salama zaidi bila…"

Akasita. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Maren? Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda kuleta kuni," nikasema.

Nikalitazama birika. Kahawa ilikuwa imeshachemka, imeshamiminwa, imeshanywewa nusu. Banda la kuni la Birthe liko hatua chache tu kutoka mlangoni.

Birthe alikuwa amesimama kwenye sinki, ameinamisha kichwa. Akainua kisahani cha sabuni, taratibu, kama kinaunguza.

"Maren," akasema. "Hii ni nini?"

Ilikuwa pete ya ndoa ya Troels. Fundi wa mitambo huivua pete anapokwenda kupanda, kwa kuwa hunasa kwenye chuma ikakata kidole. Troels huivua anapokwenda kazini tu, wala si siku nyingine yoyote.

Alikuwa haendi kazini.

Birthe akakimbilia mlangoni akaita jina lake. Upepo ukalichukua. Mlango wa banda ulikuwa wazi unajipiga, kapu la kuni limesimama hapo mtupu, halijaguswa. Lango la nyuma, lile linalotokea kwenye njia ya bandarini, lilikuwa limefunguliwa.

Kwa majuma yote yale watu walikuwa wananichunga mimi. Birthe ananichunga kupitia dirishani, Troels ananichunga kupitia kwenye ua, Lisbet amekuja na mizani yake kunichunga mimi. Hakuna aliyekuwa anamchunga Troels. Na mimi, mkewe, nilikuwa nimempa ruhusa.

Lisbet alikuwa tayari na simu sikioni. "Bandarini," alikuwa anasema, "ndiyo, sasa hivi, mwanamume, kijana."

Nikamchukua Asta kutoka mapajani mwake. Nikamweka mikononi mwa Birthe. Birthe akampokea, akambana kifuani, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda!"

Nikakimbia na soksi. Njia ya bandarini ni ya changarawe, ina miteremko miwili, nami sikuhisi jiwe hata moja. Waombolezaji walikuwa wanatoka kanisani na nguo zao nyeusi, wakasimama kunitazama. Mtu akaniita. Sikugeuka. Nilikuwa naita jina moja tu, na upepo ulikuwa unanirudishia kinywani.

Nilipofika kwenye mteremko wa mwisho bahari yote ikafunguka mbele yangu, ya kijivu, imechafuka, inapiga gati la mawe na kuruka juu yake.

Kwenye ncha ya gati, pale ambapo hata wavuvi hawafiki siku kama ile, nikaliona koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa.

Nilisimama. Nikapangusa macho. Nikatazama tena.

Kutoka nilipokuwa, sikuweza kujua kama ndani yake kulikuwa na mtu.